Madumu Manne ya Vinasaba

Saa 4:15 asubuhi

Chumba kilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, kati ya stoo ya oili na choo. Dirisha moja, dogo, lenye nondo. Meza ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili. Wanaume watatu waliizunguka, na chai ilikuwa imepoa vikombeni bila mtu kuigusa.

Aliyekuwa akizungumza ni Kaka. Alikuwa na vituo sita vya mafuta, viwili vimefungwa, na mjini walimwita Bwana Vituo. Mle chumbani alikuwa Kaka tu, kwa sababu Breki alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na Shemeji alimwita hivyo kwa kufuata mkumbo.

Breki alikuwa dereva wa malori ya mafuta. Miaka ishirini na minane barabarani na hakuwahi kugonga hata kuku. Ndipo lilipotoka jina. Wazazi wao walipofariki, Kaka alikuwa na miaka kumi na sita, yeye sita. Kaka alimpikia uji, alimfulia sare, alikaa naye chini akamfundisha kusoma kwa kutumia maandishi ya madebe ya oili. Baadaye alimlipia leseni. Mtu aliyelelewa hivyo akiitwa na kaka yake haulizi anaitiwa nini. Anavaa viatu.

Wa tatu, Shemeji, alikuwa mdogo wa mke wa Breki. Fundi magari. Mikono myepesi, mdomo mwepesi zaidi.

Kaka aliweka kidole kwenye karatasi. Akachora bohari la mafuta, geti, uzio wa nyuma, na kijumba kimoja pembeni. Kijumba hicho ndicho kilichowakutanisha.

Akaeleza kama mwalimu, ingawa wote walijua. Mafuta yaliyolipiwa kodi hutiwa vinasaba, kimiminika kisicho na rangi wala harufu, matone machache tu kwa lori zima. Mafuta yanayopita kwenda nchi jirani hayalipiwi kodi, kwa hiyo hayatiwi kitu. Mkaguzi akija kituoni, anachota mafuta kwenye chupa, anaweka kwenye kipimo chake. Akikosa vinasaba, kituo kinafungwa siku hiyo hiyo. Sasa mtu akiwa na vinasaba vyake mwenyewe, mafuta ya kupita anayanunua kwa bei ya chee, anayatia matone, na yanakuwa halali kama maji ya kisima. Dumu moja linatosha malori hamsini. Mle kijumbani yalikuwemo madumu manne. Mapya yangeletwa baada ya siku tano.

Breki aliuliza jambo moja, lile alilokuwa akiuliza tangu mwanzo. Mafuta hayo yatakwenda wapi?

"Bondeni," Kaka akasema. "Si nimeshakwambia? Serikali inapanga bei kikomo kila mwezi. Sawa, mwananchi asikamuliwe. Lakini lori kufika bondeni ni siku mbili za makorongo, na faida waliyoniachia haifiki hata bei ya tairi. Ndiyo maana nimefunga vile vituo viwili. Nikipata mafuta ya bei nafuu, nafungua kesho. Unadhani nafurahi watu wananunua petroli kwenye chupa za maji?"

Breki alilifahamu bonde lile. Mara ya mwisho alipopita, mkunga wa zahanati alimsimamisha barabarani akiwa na kidumu mkononi. Jenereta lilikuwa limezimika, na ndani kulikuwa na mzazi. Breki alimchotea lita kumi kutoka kwenye tangi la lori alilokuwa akiendesha, na tajiri mwenye lori akamkata mshahara. Hakujuta. Kwa hiyo Kaka aliposema bondeni, alikuwa ameshika pale palipo laini.

Mpango ulikuwa mfupi. Kabati la vinasaba lina kufuli mbili. Ufunguo mmoja anakaa nao Mkaguzi wa serikali, wa pili anakaa nao mama anayetia vinasaba, ambaye madereva wanamwita Bi Matone. Sheria inasema funguo hizo zisilale mfuko mmoja hata dakika moja. Lakini mke wa Mkaguzi alipooza mwaka uliopita. Kila siku saa sita na nusu mzee huyo huenda nyumbani kumlisha na kumgeuza, kisha hurudi saa saba na nusu. Ili malori yasikae juani kumsubiri, humwachia Bi Matone ufunguo wake. Bohari zima lilijua. Hakuna aliyewahi kumsema, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kumsema.

Ufa waliouona kina Kaka ulikuwa huo. Kuta zote ngumu, pakawa laini pale tu watu walipooneana huruma.

Saa sita na nusu pia ndipo pikapu ya oili chafu huingia kuzoa mapipa. Dereva wake alikuwa Shemeji, wiki ya pili sasa. Walinzi hawaipekui, maana ukiigusa tu shati limekwisha. Breki angelala chini ya turubai. Angechukua madumu, angemfunga Bi Matone kamba, angekata wavu wa nyuma ili ionekane wezi walipita huko. Mama angesema walikuwa wamefunika nyuso. Mkaguzi angemkuta amefungwa, na nani angemlaumu mama mtu mzima aliyefungwa kamba?

Breki ndiye aliyemshawishi Bi Matone. Ilimchukua mwezi mzima. Mwanamke huyu kwa miaka kumi na moja aliweka kiti kivulini kwa dereva yeyote anayesubiri zamu, na alimshonea Breki kifungo siku alipokuwa akienda mazishini. Mwisho wa mwezi angeachishwa kazi, mashine ya kutia matone imeshaagizwa. Kaka aliahidi kumpa usimamizi wa kituo kimoja. Bi Matone hakuulizia mshahara. Alisema, "Mimi jela siiwezi, Breki. Nina mama yangu kitandani na hana mwingine. Niambie wewe, siyo kaka yako. Wewe."

Na Breki alimwambia. Alimpa neno lake kwamba hata ikiharibika vipi, yeye hatoguswa.

Kaka alikunja karatasi. Akamshika mdogo wake begani.

"Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe," akasema. "Nendeni."

Shemeji alikuwa akisafisha kucha kwa ncha ya bisibisi. Hakuinua uso.

Saa 6:34 mchana

Chini ya turubai palikuwa tanuri. Breki alilala kati ya mapipa matatu, shavu kwenye bati lenye grisi. Alimsikia mlinzi akimtania Shemeji kwamba atamuoa nani akinuka vile. Shemeji akajibu kwamba mwanamke wa kweli hanusi, anahesabu. Geti likalia. Pikapu ikapanda tuta, ikashuka, ikasimama.

Kugonga mara mbili kwenye bodi. Breki akatoka.

Hatua kumi na mbili hadi mlangoni. Alikuwa amezipima wiki nzima. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ndani kulikuwa na feni, meza, daftari, mizani, na kabati la chuma la kijivu. Bi Matone alikuwa amesimama katikati ya chumba, koti jeupe limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, funguo mbili kiganjani.

"Umechelewa dakika nne," akasema.

"Getini walikuwa na maneno."

Alifungua mwenyewe. Madumu manne meupe, mifuniko ya buluu, kila moja na utepe wa karatasi ya serikali. Breki alibeba mawili, akarudi, akabeba mawili. Shemeji aliyapanga nyuma ya mapipa, akayarushia magunia machafu.

Kamba ndiyo iliyomchelewesha Breki. Alimketisha mama kwenye kiti, kile kile cha madereva, siku hiyo kilikuwa ndani. Akatoa leso yake, akaikunja, akaizungushia mikono ya mama kabla ya kupitisha kamba, isimchune.

"Kaza," Bi Matone akasema. "Ukinifunga hivi watajua tumependana."

Breki alicheka kidogo kwa pua. Akakaza.

"Leo Mkaguzi amempelekea mkewe ndizi yangu," mama akasema, macho ukutani. "Nimemmenyea mwenyewe. Yule mzee, Breki, kama atafukuzwa..."

"Hatafukuzwa. Wezi ni wezi."

Alitaka kuamini hivyo, kwa hiyo aliamini. Alikata wavu wa uzio wa nyuma, akaukunja nje, akarudi chini ya turubai.

Saa 6:49 pikapu ilitoka getini. Mlinzi alipiga bati kofi, kama anavyopigwa punda aliyezoeleka.

Saa 6:55 mchana

Baada ya kona ya kwanza Breki alihamia mbele. Shati limeganda mgongoni. Shemeji alikuwa anaendesha polepole mno, macho yakirukia saa ya mkononi.

"Kanyaga, shemeji," Breki akasema.

"Haraka ya nini? Tumeshaoa, tunangoja sherehe."

Kisha njia ikawa nyembamba. Malori ya mafuta yalikuwa yameegeshwa pembezoni, moja nyuma ya jingine, mpaka yakapotelea kwenye kona ya pili. Breki aliyatazama kwa jicho la kazi. Yote yalikuwa na lakiri nyekundu kwenye mifuniko. Lakiri nyekundu ni mafuta ya kupita. Mafuta ya kupita huelekea mpakani. Haya yalikuwa yameelekeza pua mjini.

Lori moja lilikuwa linarudi nyuma kujipanga, likaziba njia. Shemeji akasimama, akatukana kwa sauti ndogo. Dereva wa lori jingine alimwona Breki, akaja mbio na tabasamu lake la meno mapana. Alikuwa Baba Mapacha. Walishawahi kulala wote chini ya lori moja siku tatu, daraja liliposombwa, wakigawana mkate mmoja. Alimpitishia Breki chupa ya maji dirishani kabla hata ya salamu.

"Kunywa, unaonekana umetoka kaburini. Halafu nisaidie. Miwani yangu nimeikalia. Nisomee hii, nijue nasema nini nikisimamishwa."

Akampa karatasi. Breki akasoma, kwanza kwa sauti, kisha kwa macho tu.

Ilikuwa kibali cha dharura, mhuri wa idara ya nishati, sahihi na wino wa buluu. Kwa kuwa vinasaba vimekosekana bohari kuu, na ili nchi isikaukiwe na mafuta, lori hili linaruhusiwa kushusha mzigo vituoni bila vinasaba, na vituo havitapimwa kwa muda wa siku tano. Kuanzia leo, saa nane mchana.

"Mmepewa lini?" Breki akauliza.

"Jana jioni. Tumepewa wote. Wanasema vinasaba vimeisha, sijui vimeibwa. Mzigo wa kaka yako huu, hujui? Wote huu."

Breki alitazama saa kwenye dashibodi. Saa saba kasoro dakika mbili. Bi Matone alikuwa bado amefungwa kwenye kiti. Mkaguzi alikuwa bado anamlisha mkewe. Duniani hapa hakuna aliyejua kwamba vinasaba vimeibwa ila watu wanne, na karatasi ilikuwa imepigwa mhuri jana.

Alimrudishia Baba Mapacha barua yake. Akamshukuru kwa maji. Njia ilikuwa imefunguka.

Saa 7:04 mchana

Mawazo yalimjia moja baada ya jingine, polepole, kama mizigo inayoshushwa.

Kaka hakuhitaji vinasaba. Alihitaji visiwepo. Siku tano za barua, foleni nzima ya mafuta yasiyolipiwa kodi inaingia mjini kupitia mlango wa mbele, tena kwa mhuri. Hatii tone hata moja. Bei pampuni ni ile ile ya bei kikomo. Sehemu ya kodi iliyomo ndani yake inabaki kwake.

Lakini madumu yakipatikana mapema yanarudishwa kabatini, na barua inakufa. Isipokuwa yapatikane mikononi mwa polisi. Hapo yanakuwa vidhibiti. Kidhibiti hakitumiki. Kinafungiwa hadi kesi iishe, na kesi haiishi kwa siku tano.

Kwa hiyo lazima mtu akamatwe nayo.

"Shemeji," Breki akasema, "tunakutana na Kaka wapi?"

"Pale kwenye mizani ya zamani."

"Na pale kuna nani?"

Shemeji akanyamaza. Mtu mwenye mdomo mwepesi akinyamaza, ameshajibu.

Breki alimwambia ageuze gari. Saa saba na nusu Mkaguzi anarudi. Madumu yakiwa kabatini kabla ya hapo, hakuna wizi, hakuna dharura, hakuna wa kufungwa. Kwa sababu polisi wakianza kuuliza, kamba haitamdanganya mtu. Kabati halikuvunjwa, limefunguliwa kwa funguo mbili. Atakwenda jela Bi Matone, na mzee wa watu atamfuata.

"Wewe unamfikiria yule mama," Shemeji akasema, na sauti yake ilikuwa na huruma fulani, hiyo ndiyo iliyouma. "Nifikirie mimi. Nimelala chini ya magari ya watu miaka kumi na tisa. Kaka amenipa kituo. Kazi yangu ni kukufikisha na kushuka. Basi. Alisema hutapigwa. Alisema utafungwa kidogo tu."

"Dada yako unamjua? Ni mke wangu."

"Kaka atamtunza."

Breki alishika usukani. Pikapu ikayumba, ikapanda ukingo, mapipa yakagongana nyuma. Shemeji alipiga kwa kile alichonacho. Bisibisi ilimwingia Breki mkononi, juu ya kiwiko, ikatoka na damu. Breki hakupiga ngumi. Alivuta breki ya mkono, yote, kwa nguvu za miaka ishirini na minane, na Shemeji, ambaye hakuwa amefunga mkanda, akapasua kioo kwa paji la uso.

Alishuka mwenyewe. Alisimama vumbini, damu ikimwingia machoni, akimtazama mume wa dada yake kama aliyesahau walikuwa wanagombania nini. Kisha akaingia vichakani akikimbia.

Breki aligeuza gari kwa mkono mmoja.

Saa 7:22 mchana

Geti lilikuwa wazi. Mlinzi hakumtania. Hakumtazama.

Breki aliona gari la polisi baada ya kuwa ameshaingia. Lilikuwa limeegeshwa mbele ya kijumba cha vinasaba, kwenye kivuli kile kinachowekwa kiti. Ilikuwa bado dakika nane Mkaguzi arudi, na Mkaguzi alikuwepo, amesimama mlangoni, mkebe wa chakula cha mkewe bado mkononi. Walikuwa wamemfuata nyumbani.

Angeweza kugeuza. Alifikiria, hakukataa baadaye kwamba alifikiria. Kisha akazima injini, akashuka, akashika dumu moja kwa mkono mzima, akaliweka miguuni mwa Mkaguzi.

"Yote manne yapo," akasema. "Tepe hazijakatwa. Rudisha kabatini, mzee. Sasa hivi."

Mkaguzi alielewa. Miaka yote ile kazini, angeachaje kuelewa. Aliinama kulichukua. Kiatu cha Afande kikatua juu ya mfuniko wa buluu.

"Hivi ni vidhibiti," Afande akasema.

Mkaguzi aliomba. Alisema malori halali yapo foleni, apewe angalau dumu moja, ataliandikia, ataliwekea sahihi. Alisema bila vinasaba itabidi dharura itangazwe. Afande alisikiliza kwa adabu ya mtu aliyeambiwa mapema atakachosikia. Askari wawili waliyabeba madumu, wakayafunga utepe mwingine juu ya utepe wa kwanza.

Bi Matone alikuwa ndani, kwenye kiti. Hakuwa na kamba. Leso ya Breki ilikuwa mapajani mwake, imekunjwa vizuri, pembe kwa pembe.

"Ni huyu?" Afande akamuuliza.

Aliitikia kwa kichwa.

"Sema."

"Ni huyu. Ni Breki. Hakufunika uso."

Alisema akitazama leso. Ndani ya nusu saa Breki alikuwa amesalitiwa mara tatu, na mara mbili za kwanza alizimudu.

Saa 7:45 mchana

Kaka alifika akiwa na suti na machozi. Machozi ya kweli; alikuwa mtu wa kulia kwa wepesi tangu ujana. Aliwaambia askari kwamba mdogo wake amemuaibisha, kwamba amemlea kwa mikono hii. Kisha akaona damu, akavua tai yake ya hariri, akapiga goti, akaanza kumfunga mkono Breki kama alivyokuwa akimfunga vidonda vya magoti zamani. Askari wakasogea kando, wakawaachia nafasi. Hata askari anaheshimu kaka na mdogo wake.

"Nani kakuchoma?" Kaka akanong'ona.

"Mtu wako."

Kaka alizungusha tai mara ya pili, bila kumuumiza.

"Ulimwendea Bi Matone," Breki akasema.

"Asubuhi, kabla yenu. Nilimwambia ukweli. Kwamba polisi watakuja saa saba na dakika tano, na mtu mmoja atakwenda. Achague wewe au yeye na mama yake. Usimkasirikie, alilia sana."

"Na bondeni?"

Kaka aliinyoosha ncha ya tai. Alikuwa akitafuta namna ya kulisema, kama anavyotafuta daktari.

"Bondeni hakuna wateja, mdogo wangu. Lita mia mbili kwa wiki. Hapafunguki kwa bei yoyote." Akafunga fundo. "Nilikuwa nafilisika. Benki inachukua vyote sita. Siku tano hizi zinaniokoa. Miaka mitatu, utatoka, utakuta nyumba yako na mkeo hawajakosa kitu. Mimi nakuahidi."

Breki alimtazama. Ulikuwa uso ule ule uliomfundisha kusoma. Alifungua kinywa, na Kaka akaona neno linakuja, akamsogelea sikio.

"Ukinitaja, sitabaki na la kuficha. Ufunguo wa mzee ulikuwa wapi saa sita na nusu? Nani alifungua kabati? Watakwenda wote wawili pamoja nasi. Sasa wewe sema unachotaka."

Akainuka. Akafuta magoti ya suruali.

Afande alifungua daftari. Alitaka kujua washirika. Mle ndani feni ilizunguka. Mkaguzi aliegemea ukuta, mkebe wa chakula umemning'inia mkononi, na midomo yake ilikuwa inaanza kusogea. Alikuwa mtu mkweli. Alikuwa anataka kukiri.

Breki akamuwahi.

"Nilikuwa peke yangu," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi nje. "Ufunguo wa Mkaguzi nilimuibia mfukoni asubuhi, alipokuwa anasaini karatasi za malori. Hakujua. Mama huyu nilimlazimisha. Nilimshikia chuma shingoni akatoa wake. Nilimfunga kamba, angalieni mikono yake."

Hawakuona alama yoyote mikononi mwa Bi Matone. Leso ilikuwa imefanya kazi yake. Lakini mama aliivuta mikono yake upesi ndani ya mikono ya koti, na Afande, ambaye hakutaka kazi ndefu, aliandika kama alivyoambiwa.

Hapo ndipo Bi Matone alipoinua macho. Alisimama, akamimina maji kwenye kikombe chake cha bati, akakileta, na kwa kuwa Breki alikuwa ameshafungwa pingu kwa nyuma, alimnywesha mwenyewe, taratibu, akimkinga kidevu kwa kiganja yasimwagike.

Kaka alitazama pembeni.

Saa 8:00 mchana

Walimpakia nyuma ya gari la polisi. Madumu manne yalikuwa miguuni mwake, yamefungwa, meupe.

Nje ya geti injini zilikuwa zimewashwa. Foleni nzima ilianza kusogea kuelekea mjini, lori kwa lori, lakiri nyekundu zikimeta juani. Gari la polisi lilibanwa getini, dereva akapiga honi, na hakuna aliyempisha; kila mmoja alikuwa na barua yake na haraka yake.

Isipokuwa mmoja. Lori la katikati lilipunguza mwendo, likasimama kabisa, likaacha nafasi. Baba Mapacha alichungulia dirishani kwa macho yaliyokosa miwani. Aliona sura anayoifahamu nyuma ya kioo cha gari asilolitambua, akatabasamu kwa meno mapana, akainua mkono juu kama madereva wanavyosalimiana barabarani.

Akaushikilia juu, akisubiri Breki apunge wake.